Mbwa anayeruka viunzi sio yule aliyemng'ata mtoto

Ndugu Mhariri, kamwene.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, na nikuombe msamaha mapema maana mi kazi yangu ni randa na msumeno sio kalamu, nikianza kuongea huwa siachi. Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya ndugu mmoja aliyelalamika kwamba siku hizi hapa Iringa kuna watu wazima wanaamka alfajiri kwenda kurukaruka na mbwa uwanjani kama wamechanganyikiwa, eti wanawalisha nyama wakati binadamu wenzao wanakula dagaa, na kwamba mbwa waliozoeshwa kucheza ndo hao wanaokuja kung'ata watoto. Hakutaja mtu. Ila hilo "watu wazima" nadhani ni wingi wa heshima tu, maana kwa upande wetu huku anayerukaruka na mbwa asubuhi ni mmoja, na ni mimi. Na nyama simpi, nampa dagaa hao hao.

Kabla sijaenda mbali, najua kuna wasomaji wa Songea na wa Dar wameshaanza kutabasamu. Mhehe na mbwa, moja kwa moja mmewaza sufuria. Tumeuzoea huo utani, tumeusikia toka tukiwa shule ya msingi, chekeni mmalize alafu tuendelee.

Mbwa wangu anaitwa Hayawahusu. Jina hilo nilimpa sababu ya majirani, kila ninachofanya lazima wahoji, nikapaka geti rangi wanahoji, nikanunua pikipiki wanahoji, nikasema basi mbwa nitakayefuga nikiwa namwita nawajibu na wao hapo hapo. Ni koko kabisa, mwekundu, sikio moja limesimama moja limelala, mama yake alizalia nyuma ya karakana yangu kwenye rundo la mabanzi na sijui baba yake ni nani, pengine baba ni mtaa mzima. Kazi yake ilikuwa kulinda mbao. Hiyo tu.

Sasa haya mambo ya viunzi yalianzaje. Mwaka juzi alikuja karakana mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa anafundisha huku kwa muda, ana karatasi imechorwa michoro na vipimo vyote kwa sentimita, akaniambia fundi nataka hivi vitu vyote, na akatoa kianzio nusu. Nikaiangalia ile karatasi nikadhani ni vifaa vya mazoezi ya jeshi. Kuna kitu kimesimama kama kenchi ya nyumba, mbao mbili pana zimeegemeana juu, kilele mita 1.70 kutoka chini. Kuna daraja, ubao wa kupandia, ubao wa katikati, ubao wa kushukia, kila mmoja kama mita 3.6 na upana sentimita 30 tu. Kuna ubao mwingine umekaa juu ya ekseli kama mizani, upande huu ukipanda ule unashuka. Kuna handaki la kitambaa, mdomo wake sentimita 60. Kuna fito 12 zinasimamishwa mstari mmoja, fito na fito sentimita 60. Na viunzi vya kuruka vyenye mti unaodondoka ukiguswa. Nikamuuliza, mwalimu, hii ni kwa ajili ya watoto wa shule? Akasema hapana, ni ya mbwa wangu. Nilicheka mpaka kijana wangu wa kazi akatoka nje kuangalia kuna nini.

Ndo akanieleza kwamba huo ni mchezo, wenyewe wanauita ajiliti, ulianzia Uingereza mwaka 1978 kwenye maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts pale London. Waandaaji walitaka kitu cha kuchangamsha watu katikati ya vipindi vya maonyesho, wakaiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi, wakaweka mbwa badala ya farasi, watu wakapagawa. Mwaka 1980 chama cha mbwa cha Uingereza kikautambua rasmi kama mchezo, na toka 1996 kuna ubingwa wa dunia kila mwaka. Mbwa anakimbia huru bila kamba, mwenye mbwa anakimbia pembeni anamwelekeza kwa sauti na mwili, haruhusiwi kumgusa mbwa wala kugusa kiunzi, wala kushika chakula mkononi. Mti ukidondoka unakula makosa 5, mbwa akikataa kiunzi mara tatu mmetoka nje. Na njia inapangwa upya kila shindano, mbwa hajui ataanza wapi ataishia wapi, anakutegemea wewe.

Basi nikatengeneza. Mbao zetu za Mafinga, hazikunisumbua, ile kenchi nikaiwekea bawaba kubwa juu na mnyororo chini isipanuke miguu, nikapigilia papi nyembamba kila baada ya sentimita 25 mbwa asiteleze, na rangi nikaichanganya na mchanga laini kama karatasi ilivyotaka. Sehemu ya chini ya kila ubao wa kupandia na kushukia nikapaka njano, kama mita moja hivi, hiyo ina maana yake nitaieleza. Handaki tulishona na fundi cherehani jirani, turubai juu ya mapete ya bomba jeusi la maji, na yeye alihoji sana. Kazi ikaisha. Mwenye mali akapata dharura ya ugonjwa kwao, akaondoka ndani ya siku tatu na mbwa wake akamuachia rafiki Dodoma, akanipigia simu akiwa uwanja wa ndege, fundi samahani, vitu baki navyo. Nusu iliyobaki sikuiona na sikuidai, ningeidai vipi wakati mali yote imebaki kwangu. Ila mali yenyewe ukimuuzia nani? Nikajaribu kuwaza kuipasua niitengenezee makochi.

Ikakaa nje ya karakana kama miezi miwili hivi. Watoto wa mtaa wakaigeuza uwanja wa michezo, wanapanda kenchi wanashuka, na siku moja narudi kutoka kununua gundi naona watoto wamesimama kimya wanaangalia juu, Hayawahusu amesimama kileleni, ulimi nje, anaangalia mji. Hakufundishwa na mtu. Alifuata watoto. Alafu akashuka mwenyewe upande wa pili akazunguka akapanda tena, na tena. Mi pale nikaacha mawazo ya makochi.

Kilichofuata ni mimi kukosea karibu kila kitu. Nilianza kwa kumvuta na kamba apite kwenye handaki, akaweka miguu minne breki, nikavuta, akatoa kichwa kwenye mkanda akaenda kulala chini ya gari la mteja. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikampigia yule mwalimu, akacheka akaniambia fundi, usimvute, mlipe. Likunje handaki liwe fupi kama pipa, we kaa upande wa pili na kitu anachokipenda, akipita mlipe, kesho lirefushe kidogo. Nikafanya. Siku ya tatu anapita mita tatu nzima anatokea na vumbi puani anauliza dagaa wangu yuko wapi.

Na kulipa kwenyewe kuna ufundi wake. Mbwa akifanya jambo zuri una kama sekunde moja tu ya kumwambia "hapo hapo", ukichelewa ukampa dagaa wakati ameshakaa anajikuna, atajua amelipwa kwa kujikuna. Ndo maana wenzetu wanatumia kidude kinacholia tak, kikilia mbwa anajua nimepatia, malipo yanakuja. Mi natumia kifuniko cha chupa ya jamu, kile chenye kitumbo katikati ukikibonyeza kinalia. Na kwa wanaosema huu ni uzungu, nendeni Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine shirika la APOPO miaka yote hiyo wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi, na njia ni hiyo hiyo, tak alafu kipande cha ndizi. Panya mmoja aliyezaliwa pale, Magawa, alienda Kambodia akafichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 Waingereza wakamvisha medali ya dhahabu. Panya! Sasa panya wa Morogoro akifundishwa ni fahari ya taifa, mbwa wa Iringa akifundishwa ni kuchanganyikiwa?

Hapo mwanzoni kabla ya kifuniko nilikuwa natumia neno. Akipatia nasema "haya!" kwa furaha. Wiki mbili mbwa kila nikisema haya anaacha kazi anakuja mbio miguuni kwangu, nikawa najiuliza huyu vipi, mpaka mke wangu ndo akanizindua, baba si ndo jina lake hilo, wote humu ndani tunamwita Haya. Nilijiona mjinga kwakweli. Kwahiyo we unayetaka kuanza, jina la mbwa na neno la kazi visifanane, na kila neno liwe na kazi moja. Kwangu "juu" ni kuruka, "ndani" ni handaki, "subiri" ni usiguse chochote mpaka nikuambie. Hilo la mwisho nilichukua muda mrefu kulifundisha kuliko yote na ndo lenye faida kuliko yote, hata geti likiwa wazi na mbuzi anapita.

Zile fito 12 ndo shule yenyewe. Mbwa anatakiwa aingie fito ya kwanza ikiwa kushoto kwake, alafu apinde kulia kushoto kulia kushoto mpaka mwisho bila kuruka hata moja, na hakuna mbwa duniani anayefanya hivyo kwa akili yake, mbuzi labda. Nilizitengeneza kwa paipu za kupitishia nyaya za umeme nimezichomeka kwenye vipande vya nondo ardhini, zinayumba akizigonga haziumizi. Nilianza na mbili tu. Mbili, wiki nzima. Alafu nne. Kwenye sita akaanza kuchanganya nikarudi nne. Ilichukua karibu miezi mitatu kufika 12, na siku alipozipita zote kwa mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka mama muuza vitumbua akaweka beseni chini akidhani nimeng'atwa. Siku hizi akizipita mwili unakuwa kama nyoka wa maji, mkia unapiga fito tak tak tak, nakwambia mhariri hata ungekuwa na madeni utayasahau dakika hiyo.

Ile njano niliyosema. Mbwa akishuka kenchi au daraja kwa mbio anapenda kuruka kutoka juu, anatua kwa mabega, akirudia hivyo kila siku anaharibika. Kwahiyo sheria ya mchezo inasema lazima angalau kanyagio moja liguse njano kabla hajatoka. Mi nimemfundisha asimame chini, miguu ya mbele kwenye nyasi, ya nyuma bado kwenye ubao, mpaka nimwambie twende. Hapo unampangia dagaa mmoja chini kabisa ya ubao mara mia, sio ishirini.

Na jambo jingine la mwili, hili nawasihi vijana waliokuja kuniomba niwafundishie vibwa vyao vya miezi minne. Hapana. Mbwa mdogo ncha za mifupa yake bado laini zinakua, wengine mpaka mwaka na nusu hasa wale wakubwa wa jamii ya polisi, ukimrusha sentimita 60 sasa hivi utamlemaza. Hata kwenye mashindano ya kimataifa hawapokei mbwa chini ya miezi 18. Miezi hiyo mfundishe kuja akiitwa, kusubiri, kupita juu ya mti uliolazwa chini, kupita handaki, inatosha. Hayawahusu wakati tunaanza alikuwa na kama miaka miwili, na urefu wake ni wa goti, namrusha sentimita 40, sio zaidi. Dakika kumi hadi kumi na tano asubuhi kabla hajala, basi. Akiwa bado anataka ndo unaacha. Ukisubiri achoke, kesho hatakuja.

Ila mhariri, kilichonishangaza ni kwamba anayefundishwa kwa sehemu kubwa sio mbwa. Mi nilikuwa napiga kelele "juu! juu!" huku mabega na vidole vya miguu vyangu vinaangalia handaki, mbwa anaingia handaki, nakasirika, nasema mbwa huyu kiziwi. Kijana wangu wa kazi akanirekodi na simu. Nikajiona. Mbwa alikuwa anafuata mwili wangu kwa usahihi kabisa, mwongo nilikuwa mimi. Mbwa anasoma miguu yako inaelekea wapi, bega lako limegeuka wapi, mdomo ni wa mwisho. Toka siku hiyo natembea njia peke yangu kwanza bila mbwa, nahesabu hatua, nageuka pale, nanyoosha mkono kule, na hapo ndo yule ndugu wa barua aliponiona nadhani, mtu mzima na koti la baridi anacheza ngoma peke yake kwenye ukungu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ningekuwa yeye hata mimi ningeandika.

Faida? Nimepungua tumbo. Mgongo wangu wa useremala ulikuwa unanisumbua sasa hivi afadhali. Mbwa analala usiku akiwa macho nusu kama anavyotakiwa, habweki hovyo mchana, na mteja akija haendi kumrukia. Kuhusu mashindano sina hata pa kwenda na sitafuti, ingawa niliambiwa kule Uingereza na Marekani hata mbwa wasio na ukoo wanaruhusiwa kwenye mengi, Marekani toka 2010 kwenye chama chao kikubwa. Wanaoshinda sana ni wale wa kuchungia kondoo, wembamba weusi na weupe. Sawa. Wangu ana sikio moja.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nikamate kalamu. Mwezi uliopita mtoto wa miaka saba aling'atwa mtaani kwetu mguuni. Sio na mbwa wangu, na yule ndugu anajua, kila mtu anajua. Aliyemng'ata ni mbwa wa kulinda ghala, anafungwa mnyororo toka asubuhi hadi jioni juani, analishwa kwa kurushiwa, watoto wakipita wanampiga mawe kupitia matundu ya ukuta, na siku hiyo mnyororo ulikatika. Hajawahi kuchanjwa. Mi nilikuwepo, nilimbeba mtoto. Mama mmoja alishaleta tumbaku ya kupaka kwenye kidonda na mwingine anataka kufunga kitambaa, nikawaambia hapana jamani kwanza maji ya bomba na sabuni, tukaosha dakika 15 nzima kwa saa ya simu, mtoto analia na mi nalia, alafu bodaboda hadi hospitali akaanza sindano za kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo, na akazimaliza zote kwa tarehe zake. Mtoto mzima, anacheza. Nayaandika haya kwa makusudi maana kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakuna dawa, ni kifo, lakini ukiosha na ukawahi sindano unapona. Asilimia kubwa kabisa ya binadamu wanaokufa nacho wamekipata kwa mbwa, na mbwa anachanjwa toka akiwa na miezi mitatu, na sindano yake ni ya haraka kuliko kunyoa ndevu.

Baada ya hapo ukaitwa mkutano wa mtaa. Nilienda. Nikategemea watauliza ni mbwa wangapi wamechanjwa, tupange siku, tumuite mtu wa mifugo. Hakuna aliyeuliza. Ikapitishwa kwa kunyoosha mikono kwamba mbwa wote wafungwe minyororo usiku na mchana, na hakuna mbwa kukanyaga uwanja wa mtaa, na hapo mzee mmoja akanigeukia akasema hasa huyu fundi na sarakasi zake. Watu wakacheka. Nilinyoosha mkono kuongea nikaambiwa muda umekwisha. Kwahiyo toka siku hiyo mbwa aliyechanjwa, ana kadi, anasubiri akiambiwa subiri, anakuja akiitwa hata akiwa anamfukuza kuku, amefungiwa nyumbani. Na yule wa ghala? Ameletewa mnyororo mnene zaidi, mfupi zaidi, na sindano bado.

Mi sio mtaalamu wa mifugo. Ila nimefuga, na nimeona kwa macho mbwa anavyobadilika. Mbwa ukimfunga hawezi kukimbia kitu kinachomtisha, kilichobaki kwake ni meno tu. Ukimfunga mwaka mzima hajui mtoto ni kitu gani, hajui baiskeli, hajui mama mwenye ndoo kichwani, vyote kwake ni adui. Wangu watoto wa mtaa ndo waliomfundisha kupanda kenchi, anawajua kwa harufu mmoja mmoja. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama toka 2008, sijawahi kusikia ikisomwa kwenye mkutano wowote wa mtaa, ningependa siku moja nisikie.

Ninachoomba ni kidogo sana, na nakiandika hapa kwa sababu pale mkutanoni muda ulikwisha. Naomba uwanja kwa saa moja tu, saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, kabla watoto hawajatoka. Mbwa atakayeingia awe na kadi ya chanjo ya mwaka huo, aje na kamba mpaka uwanjani arudi na kamba, na mwenye mbwa aokote kinyesi, mi nitatengeneza pipa na koleo bure. Alafu tarehe 28 Septemba, ambayo dunia nzima ni siku ya kichaa cha mbwa, mtaa umuite afisa mifugo tuchanje mbwa wote siku moja pale pale uwanjani, wa ghala akiwa wa kwanza. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa saba katika kila kumi ugonjwa unakosa pa kupita. Mtaa wetu saba katika kumi hatukosi, mbwa wenyewe tunajuana nao kwa majina. Benchi la kuwashikia nitaleta, la mti mgumu.

Kwa yule ndugu aliyeandika, sina kinyongo nawe, umenipa sababu ya kusema. Kama utapenda njoo karakana, sio uwanjani maana huko nimekatazwa. Nimepanga viunzi vitano kwenye kauwanja ka nyuma, kenchi haitoshi nimeilaza. Kuna ile mizani, ubao unaoinuka na kushuka, hiyo mpaka leo imetushinda, akifika katikati ubao ukaanza kushuka anaruka pembeni ananiangalia kama nimemsaliti. Nimeanza upya nimeweka mto wa godoro chini usipige kelele, jana alitulia mpaka ukagusa. Jumamosi tunajaribu bila mto. Njoo na koti, upepo wa huku unaujua mwenyewe, na ukiogopa we sema tu nimwambie subiri.

Ni mimi,
Fundi seremala, Iringa